Mirambo na Watu wa Mgao

Wajukuu zangu mlioko Kakola, Rwamagasa na Nyarugusu, nasikia mnataka kuunganisha maduara yenu ya dhahabu kuwa kundi moja, na kiongozi mmeshampata: kijana mwenye mkono mpana, asiyemwogopa mtu. Sina neno naye. Ila kabla hamjamkabidhi leseni na mfuko, nisikilizeni habari za mtemi Mirambo, maana kwao ni hapo kusini mwenu tu.

Alizaliwa yapata 1840, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Utemi wenyewe ulikuwa mdogo. Ujanani alijifunza vita kwa Watuta, wale Wangoni waliokuja kukaa Runzewe, na baadaye wakawa washirika wake. Alipotawala akakusanya rugaruga: yatima wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi waliokosa mzigo. Vijana wasio na pa kurudi. Akawapa bunduki na fungu la nyara, na kwa mikono yao akaishika njia ya pembe za ndovu iliyotoka Tabora kwenda Ujiji.

Mwaka 1871 wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakaamua kumvunja. Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akaungana nao. Wakateka Zimbizo, kisha kikosi kikasonga hadi Ulyankulu na kuiteka ngome. Wakajitwika pembe, nguo na mateka, wakageuza kurudi. Mirambo alikuwa amejificha njiani. Akawaangukia wakiwa na mizigo vichwani, akawamaliza. Baada ya wiki chache akaingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba, na mmoja wa Waarabu hao, Khamis bin Abdallah, akauawa. Stanley ilimbidi azunguke mbali kwa kusini ndipo aifikie Ujiji. Hapo papimeni wenyewe: walioshindwa hawakukosa bunduki wala ushujaa. Walibeba mgao kabla vita havijaisha.

Wako wanaomwita Mirambo mnyang'anyi tu, nami sikubaliani nao. Stanley alipokutana naye uso kwa uso 1876 alitazamia kumwona jambazi, akamkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini, wakachanjiana damu. Mwaka 1879 Mirambo akampokea kwake Urambo daktari Southon, mmisionari Mwingereza. Alitaka bidhaa zipite kwake kwa amani, tena alitafuta urafiki wa Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar. Hiyo ni akili ya mtawala hasa, si ya mwizi wa njiani.

Lakini watu wake walishikamana naye kwa nyara, na nyara hupatikana vitani. Kila amani aliyoifanya iliwapunguzia riziki, ikabidi vita vingine vitafutwe. Mwaka 1880 majeshi yake yalipigana huko Upimbwe, na humo wakauawa Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakiongoza msafara wa chama cha mfalme wa Ubelgiji. Urafiki wa Kirk ukafia hapo. Mirambo mwenyewe akafa kwa ugonjwa wa koo Desemba 1884. Mpandashalo, nduguye, akaurithi utawala asiweze kuushika. Watemi waliotiishwa kwa nguvu wakajitoa mmoja mmoja, na Wajerumani walipofika Tabora 1890 dola ile ilikuwa imeshasambaratika.

Roma nayo ilifikia hapo. Katika miaka ya mwisho ya dola yao kule magharibi, Warumi walimpata kaisari mmoja hodari, Majorian, aliyetawala tangu 457. Alirekebisha kodi, akakataza watu kubomoa majengo ya kale ili wachukue mawe, akairudisha sehemu kubwa ya Gaul. Jeshi lake lilikuwa la askari wa kukodi, na jemadari Ricimer, yule yule aliyemsaidia kupanda kitini, akamuua 461. Baada yake Ricimer akawa anaweka kaisari na kumwondoa apendavyo.

Basi wajukuu zangu, msinijibu kwamba enzi zile si hizi. Nawaona mnavyogawana mifuko ya mawe pale karashani. Duara likitoa, wote ni ndugu. Likikauka wiki mbili, mmoja anahamia rashi mpya ya machimbo na mwingine anadai alichimba zaidi. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya miaka 7. Imeandikwa jina la nani? Huyo akifunikwa na kifusi kesho, au akifa kwa homa tu, mkewe na watoto wake watapata nini, na nani atasaini pale soko la madini?

Andikisheni kikundi, wenye leseni wawe wote. Katika kila mauzo, kabla ya mgao, tengeni fungu la matimba ya kuzuia kifusi, la matibabu na la msiba, liwekwe benki kwa saini za watu watatu. Msaidizi wa kiongozi achaguliwe siku ile ile anayochaguliwa kiongozi, aonyeshwe daftari la hesabu kila mwezi. Na huyo kijana wenu shujaa mwulizeni mbele ya wote kama anayakubali hayo. Akikataa, tafuteni mwingine, hata kama ndiye aliyewanunulia pampu.