Bei ya Neno

Wapo wasimamizi wanaoamini kwamba mtu hunyamaza kikaoni kwa haya au kwa malezi. Basi humkaribisha chai, humtania kidogo, humwambia aseme bila woga. Kimya cha kazini, nionavyo mimi, mara nyingi ni hesabu, na anayeipiga ana akili timamu.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, hesabu hiyo iko peupe. Tangu kambi ianzishwe mwaka 1992, mashirika yamewatumia wakimbizi kuwa wakalimani, walimu na wahudumu wa afya. Kwa kuwa kibali cha kazi ni kigumu kupatikana, wengi wao ni wafanyakazi wa insentivu: hupewa posho, iliyo ndogo mno kando ya mshahara wa Mkenya waliyeketi naye meza moja. Ndio wanaoijua lugha ya mgonjwa, ndio wanaojua bomba la mtaa gani limekauka. Anayejua zaidi ndiye anayeumia zaidi akisema.

Amy Edmondson wa Harvard aliandika mwaka 1999 kwamba usalama wa kisaikolojia ni imani ya wanatimu kuwa mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga bila kuadhibiwa. Kabla ya hapo, akichunguza makosa ya dawa hospitalini, alikuta timu zilizosifiwa kwa uongozi mzuri zikiripoti makosa mengi zaidi. Yaelekea timu nyingine zilikuwa zikiyaficha. Nakubali. Ila neno "imani" linanisumbua. Imani yaweza kuwa ya uongo. Mtu akijiona salama, akasema, kisha mkataba wake usihuishwe, imani ile ilikuwa mtego, na heri angebaki na woga wake. Kwa hiyo wajibu wa kiongozi ni kuondoa hatari yenyewe. Kuaminiwa kutafuata, au kutachelewa, na kiongozi ana haki gani ya kuharakisha kuaminiwa huko?

Wazee wa Kiturkana hujadiliana chini ya mti, kila mmoja juu ya kigoda chake, na maneno huwa makali. Mtu wa semina angesema ni utamaduni wa uwazi. Mimi naona mifugo: mzee akimpinga mwenzake, kesho mbuzi wake bado ni wake. Wanawake na vijana, ambao hawana usemi juu ya zizi, kwa kawaida hawana pia nafasi katika baraza lile.

Tuseme basi dereva wa mkataba wa miezi mitatu anatoka Lodwar kwenda Kakuma, kama kilomita 120, na mvua imenyesha milimani. Laga, mto wa msimu unaokatiza njia, imeanza kujaa. Bosi nyuma anatazama saa. Ucheshi wa bosi hausaidii kitu hapo. Linalosaidia ni kanuni kwamba penye laga neno la mwisho ni la dereva, na kuchelewa hakuandikwi popote dhidi yake.

Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, mashirika mengi yalipunguza watu. Katika msimu kama huo, anayeandika orodha ya watakaobaki asiwe yule aliyepingwa kikaoni mwezi uliopita. Hilo laweza kuwekwa katika aya moja ya kanuni za ajira, kabla ya kulipia ukumbi wa hoteli Lodwar kwa semina ya kujenga timu.