Maji ya Kisimani na Haki ya Jirani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha, hapa Langas, ndugu mmoja alituletea suala ambalo wengi walilicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Alisema: "Nimechimba kisima kwa mali yangu, katika kiwanja changu. Ifikapo Februari majirani huja na mitungi yao wakanikaushia. Je, nina makosa nikikifunga kwa kufuli?" Tulimwomba muhula wa juma moja. Tumelitazama suala lake vitabuni, tumelitazama na mitaani, nasi twaona kwamba ndani yake mna masuala matatu: kwa nini maji yawe machache katika nchi isiyonyimwa mvua, maji hayo ni ya nani, na je, yafaa kunywewa?

Tuanze na la kwanza. Eldoret imekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka hupata mvua ya milimita 1,000 na zaidi. Mvua hiyo huanza Machi au Aprili, ikaendelea hata Septemba. Kisha huja miezi mikavu, khasa kuanzia Disemba hata Machi. Basi Mola wetu hakutunyima maji, bali ametupa kwa majira, akatupa na akili ya kuyaweka. Ajabu yetu ni kwamba mwezi wa Agosti twayalaani maji kwa kututilia matope milangoni, na mwezi wa Februari twagombana kwa mtungi mmoja. Kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, twakisoma kila mwaka, tukalia kwa machozi ya Yaakub. Lakini fundisho la kuweka akiba wakati wa neema kwa ajili ya wakati wa dhiki twalipita kama msafiri apitaye kijiji asichokuwa na jamaa ndani yake.

Hebu tupige hisabu, kwani hisabu haimpendelei mtu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 200, kama la msikiti wa kadiri, kwa milimita 1,000 hupokea lita 200,000 kwa mwaka. Toa robo kwa upotevu, zitabaki lita 150,000. Matangi mawili ya lita 10,000 yakijazwa kabla ya mvua kukatika, yatatoa lita 200 kila siku, yaani mitungi kumi ya lita 20, kwa siku 100. Huo ni umri wa kiangazi. Twajua kwamba hayatatosha mtaa mzima. Lakini mgonjwa, mjane na mzee asiyeweza kusukuma mkokoteni, hao yatawatosha.

Ama suala la pili, maji ni ya nani? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuliacha gizani. Maji ya mto na ya mvua ni ya watu wote kwa ushirika. Aliyeyateka akayatia chomboni mwake ameyamiliki, na ana ruhusa kuyauza. Kwa hiyo kijana wa mkokoteni hana lawama, maana auza jasho lake. Mwenye kisima alichokichimba katika milki yake, yeye ndiye wa kwanza: atumie kwa haja yake, watu wake na wanyama wake. Lakini ziada iliyobaki haimhalalikii kumnyima mwenye kiu. Hakulazimishwa kumpa mtu ndoo yake wala kamba yake, wala kumnyweshea shamba. Na akitoza gharama ya umeme wa pampu, hiyo ni gharama wala si bei ya maji. Na sote twajua khabari ya Sayyidna Uthman, aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina, akakifanya wakfu kwa Waislamu, na yeye mwenyewe akateka kama mmoja wao.

Wala hekima hii si ngeni kwa watu. Katika nchi ya Oman, ambako baadhi ya mababu wa watu wa pwani yetu walitoka, mna mifereji ya kale iitwayo aflaj, na mitano kati yake ilitiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji ya falaj hugawanywa kwa zamu, na kila mwenye shamba ana fungu lake la saa. Lakini pale maji yanapotokea mwanzo, kabla hayajafika katika shamba la tajiri yeyote, hapo ni mahali pa kunywa watu wote bila malipo. Nasi tusiende mbali. Majirani zetu Wamarakwet, katika miteremko ya bonde la Kerio, wana mifereji waliyoirithi kwa vizazi, na koo huitunza na kuigawa kwa zamu chini ya wazee. Hawakungoja mtu kutoka mjini kuwafundisha kwamba maji huanza kwa ushirika, ndipo yakaja mafungu.

Na tukumbuke kwamba mji wetu wenyewe wanywa maji ya wengine. Bwawa la Chebara, linaloletea Eldoret sehemu kubwa ya maji yake, limejengwa katika mto Moiben, katika nchi ya Elgeyo Marakwet. Sisi nasi tuna watu wa chini yetu: mto Sosiani ukipita mjini huingia Kipkaren, kisha Nzoia, kisha ukashuka Budalang'i hata ziwa la Viktoria. Taka tunayoitupa Sosiani asubuhi haipotei, huenda kumkuta mtu mwingine akiteka. Basi mwenye kusema "maji haya ni yangu" na atazame juu yake, kisha atazame chini yake.

Suala la tatu ndilo zito, nalo ndugu yetu hakuliuliza. Utafiti uliofanywa hapa hapa Langas, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba takribani visima vifupi vyote vilivyopimwa vilikuwa na vijidudu vitokavyo katika kinyesi, na sababu si siri: visima na vyoo vya shimo vimekaa kama majirani. Wataalamu wa afya hupenda kuona mita 30 baina ya kisima na choo. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 urefu wake wote ni kama mita 30! Na hata ukitenga vyako, choo cha mwenzako ki nyuma ya ua. Ukuta huzuia mwizi; hauzuii maji yanayopita chini ya ardhi.

Hapa ndugu wengine watatujibu kwa fikihi: maji yakifika kulateni, kiasi cha lita 200 hivi, wala hayakugeuka rangi, tamu wala harufu, basi ni tohara. Twasema: ni kweli, na udhu wako ni sahihi. Lakini hukumu hiyo ni ya sala, si ya tumbo la mtoto. Fakihi alikwambia maji yanayofaa kutawadhia. Hakukwambia kwamba kila kilicho tohara hakidhuru. Mbona uyoga wenye sumu ni tohara, wala hatuupiki? Kuitumia hukumu ya tohara ili kufunika madhara ni kuyavika maneno ya wanavyuoni nguo isiyokuwa yao. Sharia hiyo hiyo imekataza watu kudhuriana, na imekataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa yake. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, alimkemea mwenye mali kwa kuficha. Je, ndoo ya maji ina tofauti gani na lundo lile?

Na tusijitoe katika lawama. Nyumbani kwetu pana kisima, na kwa miaka mingi majirani wamekuwa wakiteka kwa malipo machache. Baada ya suala la ndugu yetu tulipima kwa hatua kutoka kisimani hata chooni. Tulipata hatua kumi na nne. Tulijua siku zote kwamba ni karibu. Hatukutaka kuhisabu tu. Tulikuwa tukifundisha watu bab ya maji kila mwaka, na mfuniko wa kisima chetu ulikuwa kimya.

Vilevile msikitini. Tuliweka ndoo chini ya bomba, mtu akatawadha kama ada yake, bomba wazi. Lita sita. Kisha akatawadha kwa birika: lita moja ikamtosha na kubakia. Nayo imethubutu katika Sunna kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita. Udhu mia kwa siku ni tofauti ya lita 500, mitungi ishirini na mitano, inayokwenda mtaroni mbele ya macho ya mama aliyebeba mmoja kichwani. Mama huyo huenda si Muislamu. Haki ya ujirani haiulizi dini. Langas iliyopitiwa na machafuko ya mwaka 2007 na 2008 yaijua sana thamani ya jirani.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Usikifunge. Weka saa za kuteka ili nawe upate haja yako, na tena kisima kipumzike kijae. Chukua gharama yako, usichukue bei ya kiu. Na juu ya hayo yote, waambie watu ukweli: maji haya ni ya kufulia na kuoshea, na atakayeyanywa na ayachemshe au ayatie dawa ya klorini. Huenda wanunuzi wakapungua. Hilo ndilo lililotuzuia sisi kusema miaka yote, nasi twakuonya kwa sababu twalijua kutoka ndani.

Kwa upande wetu, mfuniko wa kisima chetu umeandikwa maneno hayo kwa rangi nyekundu, na malipo tumeyaondoa illa ya umeme. Msikitini mabirika yamewekwa, na mchango wa mifereji ya paa na tangi la kwanza umeanza, liwe wakfu, bomba lake lielekee njiani na si ndani ya ua. Katiba ya nchi ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na ni wajibu wetu kuidai kwa wenye mamlaka bila kuchoka. Lakini anayedai haki kwa serikali huku amemfungia jirani yake mlango, amedai kwa ulimi mmoja na kukanusha kwa mkono wake.

Mvua za mwaka huu zitakuja kwa idhini ya Mola wetu. Zitukute na mifereji juu ya mapaa.

Wallahu aalam.