Karatasi za Mvunguni

Mtaa wetu wa Utange una vijana wengi waliojaliwa kipaji cha kutunga nyimbo, na kisa hiki ni cha mmoja wao. Jina lake nalificha, maana aibu aliyoipata yamtosha. Nakisimulia kwa ajili ya wale wanaomfuata nyuma.

Nyimbo zake zilipigwa kwenye harusi za Kisauni na kwenye matatu za Bamburi. Hakusomea muziki. Alikuwa na kinanda kidogo, kompyuta, na sikio la ajabu: wimbo akiusikia mara moja, ameunasa. Siku moja akasikia fidla mbili, viola na chelo zikipigwa pamoja, bila ngoma wala mwimbaji, na moyo ukamhama. Akaazimia kutunga kipande chake cha ala hizo nne, nyuzi kumi na sita kwa jumla, na klarineti juu yake.

Jirani yake alikuwa mzee aliyepiga fidla ya taarabu miaka mingi. Alipopata habari hizo aliuliza neno moja: "Mwanangu, fidla umewahi kuishika?"

"Ami, siku hizi kompyuta hupiga kila kitu."

Mzee akamwambia, "Seyyid Barghash alikuwa sultani, na mali alikuwa nayo. Alipoutaka muziki wa Misri uwe kwenye jumba lake kule Unguja, alimtuma Mohamed bin Ibrahim mpaka Kairo akajifunze kupiga kanuni. Wewe sikutumi mbali. Njoo hapa barazani tu."

Kijana alishukuru kwa adabu, na barazani hakutia mguu.

Miezi mitatu akaandika, na kompyuta ikayapiga yote bila kulalamika. Wapigaji watano wakakubali kukitia kipande chake katika tamasha dogo mjini, wakatenga saa mbili za mazoezi. Ukurasa wa kwanza haujaisha, mpiga fidla wa kwanza akasimama: nota aliyoandikiwa haimo kwenye fidla. Uzi wake mnene hukomea G iliyo chini ya C ya katikati. Chini ya hapo kidole hakina pa kukanyaga. Mpiga viola naye akakwama, kwa kuwa viola ina ufunguo wake wa kusomea nota, na yeye ameandikiwa ule wa fidla. Klarineti ikawa balaa zaidi. Klarineti ya kawaida ukiiandikia C hutoa B bapa, yaani sauti nzima chini, hivyo mtunzi hupaswa kuipandishia nota zake. Kijana hakulijua hilo, na kila klarineti ilipoingia iligongana na wenzake. Kisha pakaja mahali alipotandaza sauti ndefu isiyo na pa kuvuta pumzi. Kompyuta haina mapafu, mpigaji anayo.

Saa mbili zikaisha hata nusu hawajafika. Jioni ya tamasha, mamake na majirani walikuja wamependeza, wamekodi matatu nzima kutoka Utange. Kipande hakikupigwa. Kijana akawalaumu wapigaji, kisha akailaumu kompyuta. Asiyejua kucheza ngoma husingizia uwanja. Karatasi zake zimo mvunguni mwa kitanda mpaka leo.

Linaloniuma ni kwamba utunzi wenyewe ulikuwa mzuri. Mpiga chelo alikuwa akiuimba taratibu, mdomo kaufumba, huku akifunga chombo chake aende zake.

Wapo watunzi wa nyimbo za kawaida waliouvuka mto uliomshinda kijana huyu, wakafika ng'ambo. Paul McCartney wa Beatles hasomi nota wala haandiki. Alipotaka kutunga kazi kubwa ya okestra na kwaya, alishirikiana na Carl Davis, mjuzi wa okestra, na Liverpool Oratorio ikapigwa katika Kanisa Kuu la Liverpool mwezi Juni 1991. Wahakiki hawakuisifu wote, lakini hakuna mpigaji aliyeachwa akiduwaa mbele ya karatasi yake. Elvis Costello alikuwa na jina kubwa tangu miaka ya 1970, akajishusha, akajifunza kuandika nota ndipo azungumze vizuri na wapigaji wanne wa Brodsky Quartet. Albamu yao, The Juliet Letters, ikatoka 1993. Baadaye akaandika mwenyewe muziki wote wa okestra wa Il Sogno, uliorekodiwa na London Symphony Orchestra. Billy Joel, mpiga piano tangu utotoni, alitunga vipande vya piano vilivyotoka 2001, lakini kuvipiga alimwachia Richard Joo, aliyesomea kazi hiyo. Mmoja alitafuta mwenzi, mmoja alijifunza kwa hiari yake, mmoja alimpisha mwenye ujuzi. Hakuna aliyepungukiwa heshima.

Na mfano wa karibu zaidi watoto wetu wa Utange huuimba shuleni. Wimbo wa taifa la Kenya umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, wimbo wa watu wa Mto Tana. Mwaka 1963 wajuzi watano wa muziki waliketi nao kama kamati, wakautengeneza hadi ukaweza kubebwa na kwaya na bendi. Wimbo wa mama na mtoto haukudharauliwa, wala haukuachwa uende peke yake.

Kijana unayetunga, usiogope fidla wala okestra. Kipaji kitakupa sauti. Ala utafundishwa na wenye ala. Kabla hujaandika nota ya kwanza, nenda kwa anayeipiga ala, muulize mwisho wake uko wapi, pumzi yake inatosha kiasi gani, nota zake husomwaje. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yule kijana hakutaka kuinama, na ndiyo sababu utunzi wake mzuri umelala huko huko mvunguni.