Ubora wa Silaha

Anunuaye bastola kubwa ya risasi sita hupima bei na ubora. Ya rahisi, tundu la risasi lisipoelekeana barabara na mtutu, yaweza kumjeruhi mpigaji mwenyewe. Hoja hiyo ni sahihi, lakini yamhesabu mtu mmoja tu: yule aishikaye.

Agosti na tena Desemba 1997, katika kambi ya Mudende, Gisenyi, wakimbizi kutoka Kongo waliuawa kwa mamia, kwa bunduki na pia kwa mapanga na marungu. Panga ni kitu rahisi, wala halikushindwa kazi. (Sisi walimu twajua kuwa neno “rahisi” hutaja bei ndogo na pia wepesi wa kutenda.) Je, kwa mkimbizi yule, silaha bora ilikuwa ipi, kama si ile iliyoharibika mkononi mwa mshambulizi?