Utulivu na Haki ya Jirani

Ndugu Muislamu, tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, wako waliohama Kariakoo wakafuata viwanja vya bei nafuu ng'ambo. Huko hakuna makelele. Mtu hulala usingizi wake. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa.

Lakini tujiulize: je, kimya kile ni amani, au ni kutojuana tu? Kariakoo jirani akikohoa usiku ulimsikia. Leo kuna ukuta mrefu na geti, na maradhi ya mtu hujulikana siku ya maziko yake. Qur'ani Tukufu, Suratun Nisaa aya ya 36, imetuamrisha kumtendea wema jirani wa karibu na wa mbali. Haikumtoa aliyejenga ukuta. Basi kiwanja umekipata kwa urahisi. Haki ya jirani usiione ghali. Nenda ukabishe hodi.