Dhahabu ya Wangapi?

Kuteleza juu ya barafu si mchezo wetu, nami barafu yenyewe naijua ya kwenye jokofu tu. Lakini jina la Robin Szolkowy lilinivuta, kwa kuwa baba yake ni Mtanzania. Yeye alizaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, mwaka 1979. Katika mchezo huo wa jozi mwanamume humrusha mwenzake hewani, naye huzunguka mara tatu kabla ya kutua kwa mguu mmoja. Anayerushwa hana budi kuikabidhi nafsi yake kwa mikono ya mtu mwingine.

Szolkowy na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, waliungana mwaka 2003 wakaiwakilisha Ujerumani. Walitwaa ubingwa wa dunia mara tano, lakini dhahabu ya Olimpiki iliwakimbia: Vancouver 2010, shaba; Sochi 2014, shaba tena. Hapo Szolkowy akaacha kushindana. Savchenko akamwendea Mfaransa, Bruno Massot. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, akiwa na miaka 34, raundi ya kwanza iliwaacha wa nne; ya pili ikawapa dhahabu kwa tofauti ya pointi 0.43.

Nauliza: dhahabu ile ni ya wangapi? Sheria husema ni ya wawili waliopanda jukwaani, na ni sheria ya haki, maana mikono ya siku ile ilikuwa ya Massot. Lakini mwili uliojifunza kuamini kwa miaka kumi na moja haukuanza alifu kwa kijiti siku alipokuja Mfaransa. Simlaumu mama yule kwa kuendelea. Mwenzako akichoka, hudaiwi kuchoka naye. Unadaiwa kumtaja.

Nasema hivi nikijua ninachosema. Chuoni nilikuwa na mwenzangu. Kwa miaka tisa tuliandaa pamoja kitabu cha mwongozo wa mazoezi ya kufundisha. Akastaafu kabla hakijakamilika, nikakimalizia na kijana mmoja. Siku ya kupongezwa nilisimama nikamshukuru kijana, nikawashukuru wachapaji, hata wapishi. Mwenzangu alikuwa ameketi safu ya tatu, akapiga makofi kama wengine. Baada ya hafla alikuja kunipa mkono.

"Hongera, Mkuu," akasema.

Miaka yote tisa alikuwa akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza.