Vikapu Kumi na Viwili



Bwana Yesu alipokwisha kuwashibisha watu 5,000, aliamuru mabaki yakusanywe, na vikapu 12 vikajaa. Je, sisi? Mabaki yetu twayatupa, tukidhani yamekwisha. Hayakwisha. Mwezi wa Agosti 2024 jalala la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Kilima kile kilitoka katika nyumba kama zetu.

Basi, ndugu, tuweke vyombo viwili jikoni. Maganda na makombo yaende shambani yawe mbolea. Chupa na makopo tumpe mwenye kuviuza apate riziki. Tusimtupie jirani yale tuliyoweza kuyakusanya. Bwana atusaidie. Amina.